Ukumbi wa Mlango Mmoja

Sehemu ya sita

Wiki jana mliniacha juu ya bati la ghala la pamba pale Segese, jua la mchana linawaka, suruali yangu ya harusi imenasa kwenye msumari, na mama mkwe wangu mtarajiwa anakuja na kijia.

Msomaji mmoja ameniuliza kama nilipona. Bwana, nisingepona haya angeandika nani? Lakini nashukuru kwa huruma. Nyumbani kwangu hakuna aliyeniuliza.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo, mambo yalikuwa hivi. Ni miaka ya hamsini na kitu, mimi Mageni ni kijana wa mgodi wa dhahabu kule Geita, na Jumamosi namwoa Justa, binti wa Mzee Jilala. Kanisa la nyasi la pale kwao limeezuliwa na upepo. Mzee akasema basi padre aje atufungishe ndoa uani kwake, na tule hapohapo. Mimi nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema mtu wa mgodini haoi kwenye mavi ya ng'ombe. Nitatafuta ukumbi wa bati! Misa humo, karamu humo!

Nikapata ghala la pamba la ushirika. Bati juu, saruji chini. Kitu kimoja tu sikukitazama. Mlango ulikuwa mmoja.

Nanyi mnajua kwetu Usukumani. Ng'ombe wakishapelekwa, mkwe na mama mkwe hawaonani. Ukimwona njiani unaingia porini, hata kama pori lenyewe ni la miiba. Hamli pamoja, hamtajani majina, hamkai chini ya paa moja mkatazamana. Mtoto wa miaka sita analijua hilo. Mimi, mwana wa Kisukuma mwenye ndevu, nilikuwa nimechagua nyumba ambayo mmoja wetu akiingia mwingine hana pa kutokea.

Ndiyo maana Mama Justa alipokuja kukagua ukumbi bila taarifa, mimi nilitokea dirishani na kupanda juu kama mwizi wa njiwa.

Sasa tuendelee.

Chini alibaki rafiki yangu Kalisti, mpishi wa mgodini, mtu wa Karagwe, ambaye ndiye angenisimamia kwenye ndoa. Kalisti alikuwa na sifa nyingi. Kudanganya haikuwamo.

"Ng'wadila, mayu," akamwamkia Mama Justa kwa Kisukuma chake cha kuazima.

"Ng'wadila. Mwenzio yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Huyo."

"Ametoka kidogo."

"Ametokea wapi? Mlango huu nimeutazama tangu kule kisimani."

Unafikiri Kalisti alifanya nini? Alitazama juu. Alitazama juu moja kwa moja, mdomo wazi, kama anayengoja mvua.

Mama Justa hakutazama. Mwanamke mwenye adabu zake. Alijifunika kanga kichwani, akageuka kuelekea ukutani, akakaa kwenye kivuli cha upenu, chini yangu kabisa. Justa alikuwa naye, akakaa kando yake. Bati lilikuwa la moto hivi kwamba ungeweza kukaanga karanga, nami ndiye niliyekuwa karanga.

"Justa," mama akasema, "siku hiyo mimi nitapita wapi?"

"Mlangoni, mayu."

"Na yeye atapita wapi?"

"Mlangoni."

"Huohuo?"

Justa akautazama mlango. Mimi huko juu nikautazama msumari.

"Basi," mama akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo maana iliniuma, "mimi nitabaki nyumbani nichambue kunde. Mtaniletea wali kwenye sahani. Wewe nenda tu, mwanangu. Nitasikia vigelegele."

"Mayu, mimi ni mtoto wako wa pekee."

"Najua. Nilikuwepo."

"Kama hunioni nikiolewa, hilo gauni silivai. Atalivaa Mageni mwenyewe."

Hapo nikajitikisa. Nilitaka kushuka, nimwambie Justa asiseme hivyo. Suruali ikasema hapana. Ikapasuka kuanzia pale inapopasuka suruali ya kila mpumbavu, na kipande kizima cha kitambaa cha kijivu kikapeperuka, kikatua mapajani kwa mama mkwe.

Akakishika kwa vidole viwili.

"Kijana," akamwuliza Kalisti, "hiki ni nini?"

"Ni... ni cha tumbili, mama."

"Tumbili wa hapa siku hizi wanashonewa na fundi?"

"Wa huku, ndiyo."

Justa akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mama akakikunja kile kitambaa vizuri, akakiweka kando, akaendelea kuutazama ukuta.

"Justa, mwambie huyo tumbili ajishike. Upande ule bati halina mbao."

"Mageni, mama anasema..."

"Nimesikia!" nikasema.

"Anasema amesikia, mayu."

"Mimi sikumsikia," mama akasema. "Mwambie hivi. Ijumaa baba yako anakuja kupatazama hapa. Nikipata mahali pa kukaa nimwone mwanangu anaolewa, na huyo tumbili nisimwone wala asinione, baba yako atasema ngoma zipigwe. Nisipopata, atasema mwakani, mvua zikikatika. Mimi sitamshawishi aseme vingine."

"Mwakani!" nikapiga kelele, nikasimama.

Upande ule, kama mama alivyosema, bati halikuwa na mbao.

Nilitelezea nje, si ndani, na hilo ndilo lililoniokoa, maana nje ya ghala wakulima walikuwa wamerundika pamba yao wakingoja kupima. Wapo watu Segese wanaosema nilizama kiunoni. Hao hawakuwepo. Mimi nilizama mpaka nikasikia wachimbaji wa Geita wakigonga miamba chini yangu.

Nilipotokeza kichwa, nyuzi nyeupe masikioni, nyusi nyeupe, nimesimama kama kondoo aliyefufuka, mbele yangu alisimama Stanslaus. Huyu Stanslaus alikuwa karani wa ghala siku za juma na katekista siku ya Jumapili, na siku zote hizo hakucheka. Alinishika bega, akanizungusha, akanitazama mbele na nyuma, hasa nyuma.

"Fifi," akasema.

Asiyelima pamba aelewe: pamba iko ya aina mbili, safi na fifi. Fifi ni ile yenye madoa na takataka. Wakulima walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Jina hilo lilinifuata miaka mingi. Mke wangu hulitumia mpaka leo chakula kikiungua kwa sababu yangu.

Aa, nimesema mke wangu. Sikusema mke wangu ni nani. Tulia.

Mama na binti walishaondoka. Nikajifunga gunia kiunoni, tukakaa mimi na Kalisti kufikiri.

"Toboa mlango wa pili," Kalisti akasema.

Tukamwendea Stanslaus.

"Ukuta wa ushirika," Stanslaus akasema, "hautobolewi kwa sababu wewe unamwogopa mama wa mtu."

"Simwogopi. Namheshimu."

"Ulikuwa unamheshimu juu ya bati?"

Tukatoka mbio kwenda kwenye baraza la mwanangwa, kiongozi wetu wa kijiji. Baraza lile lilikuwa na milango miwili! Mmoja huku, mmoja kule! Nilikuwa mwendawazimu kutolikumbuka. Mwanangwa akanipokea vizuri, akanipa kiti, akasema chukua, mwanangu, hakuna shida kabisa.

Nikamshika mkono kwa furaha.

"Ila Jumamosi," akasema, "asubuhi mpaka jioni kuna kesi ya wizi wa ng'ombe. Mtabanana kidogo."

"Kesi ya nani?"

"Mjomba wako Ntemi amemshitaki mjomba wako Masanja."

Nikaurudisha ule mkono.

Tulirudi ghalani kwa miguu mizito. Kalisti alikuwa anajikuna shingo, na mimi nilikuwa nalikuna gunia, maana magunia ya katani yanawasha, na hapo ndipo akili ikanijia. Watu wengine huwafikia kichwani. Kwangu ilipitia nyuma.

"Kalisti! Kambini kule mgodini tunalala vipi?"

"Vibaya."

"Hapana! Chumba kimoja, watu wengi, kila mtu na mke wake akija. Tunatenganisha na nini?"

Kalisti akalitazama gunia langu. Macho yakamtoka.

Stanslaus alikubali kutuazima magunia matupu kwa sharti kwamba tusiyatoboe, na kwamba mimi nisijifunge lolote. Tukakaa na mashazia, zile sindano kubwa za magunia, na kamba, tukashona. Mimi nilikuwa nimewaambia watu wa kwetu kwamba huko mgodini ni fundi mkuu wa mitambo. Kweli yenyewe nilikuwa nagonga kipande cha reli zamu zikibadilika. Lakini siku ile, wasomaji wangu, nilikuwa fundi mkuu! Nilishona ukuta wa magunia kutoka mwisho wa ghala mpaka mlangoni, nikaukata mlango katikati, ukuta ukatoka nje ukaenda mpaka uani kama mkia wa mamba. Mlango mmoja ukazaa milango miwili. Wanawake watapita kushoto, sisi kulia, na mama mkwe hataona hata kivuli cha kiatu changu.

Ni kweli kila nusu ya mlango ilikuwa nyembamba. Kalisti alipita kwa ubavu. Sufuria za wali zingepita kwa maombi.

Nikamwita Justa aje aone. Nilisimama nimeweka mikono kiunoni kama mtu aliyejenga reli.

Akauzunguka ukuta wote. Akaugusa. Akatabasamu, na moyo wangu ukaruka.

"Ni mzuri," akasema. "Mama atakaa huku."

"Huku hasa!"

"Na wewe utakaa kule."

"Kule!"

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi ninayeolewa, Mageni. Nakaa upande gani?"

Kalisti akatazama bati. Alikuwa na tabia hiyo.

"Nikikaa kwako, mama ataona magunia. Nikikaa kwa mama, padre atakufungisha ndoa na Kalisti."

"Mimi nimeshachumbia," Kalisti akasema.

Nilijaribu kucheka, lakini Justa hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika ncha ya kanga yake, anaisokota.

"Mageni, sikiliza. Mimi sitaki bati. Sikukuomba bati. Uani kwa baba kuna nyumba ya mama na nyumba ya wageni, kila mtu angekaa kwake na mimi ningesimama katikati, wote mkaniona. Wewe ndiye uliyetaka ukumbi. Sasa mtafutie mama yangu macho."

"Basi turudi uani!"

"Baba amesema hapana. Ulipasema mbele ya ukoo kwamba ni mavi ya ng'ombe. Amesema palepale hapatafaa tena kwa mtu mkubwa kama wewe."

Nikakiri kosa. Hilo ni jambo la nadra, waulizeni jirani zangu.

Tulikesha? Hapana, tulilala, tulichoka. Asubuhi tukaja na jibu. Mbele kabisa, karibu na meza ya padre, tuliacha magunia mawili bila kuyashona, tukayafunga kwa kamba. Justa atasimama upande wa mama zake, wamtazame mpaka waridhike. Wakati ukifika atapitisha mkono kwenye upenyo, mimi nitaupokea, Stanslaus atafungua kamba, Justa atavuka huku na magunia yatafungwa nyuma yake. Juu tukaacha nafasi ya kichwa cha bibi harusi tu, na tukamwekea kreti ya kusimamia, ili akishavuka mama aendelee kumwona uso na shela yake. Mimi ni mfupi. Kwa mara ya kwanza ufupi wangu ulifaa kitu.

Ijumaa Mzee Jilala akaja.

Alikuja na fimbo, kiko, na wazee wenzake wawili wa kumsaidia kunung'unika. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia "Marahaba" kwa magunia.

Alipita nusu yetu ya mlango kwa ubavu, kiko mbele. Akatembea taratibu. Akavuta lile gunia, akavuta hili. Ng'ambo tulisikia kanga na nyayo. Mama Justa naye alikuwa ameingia kwa nusu yake, na mimi nikainamisha kichwa kama kawaida.

"Upande wa huko," Mzee akasema, "wataingia wangapi?"

"Mama tu, baba. Na majirani zake wachache."

"Na mama zake wadogo?"

"Mama zake wadogo?"

"Dada za mke wangu. Na mabinti wa baba zake wadogo. Na ndugu zake wa Kagongwa. Hao wote si mama wakwe zako?"

Wasomaji wangu, hilo nililisahau. Ni kweli. Dada wa mama mkwe ni mama mkwe, na binti ya baba mdogo wa mama mkwe ni mama mkwe vilevile. Mzee akaanza kuwahesabu kwa vidole. Alipomaliza vidole vya mikono akatazama miguu, akaegemea fimbo, akavua kiatu.

"Sogeza ukuta," akaamuru.

Tukausogeza. Ukumbi ukawa robo yetu, robo tatu yao.

"Wa Kagongwa ni wanene."

Tukausogeza tena.

"Wana watoto migongoni."

Alipomaliza, upande wa wanaume ulikuwa kichochoro. Mimi na Kalisti tulisimama mmoja nyuma ya mwingine, migongo ukutani, kama barua kwenye bahasha. Padre angelazimika kuingia kinyumenyume. Lakini nilisikia sauti ya Mama Justa ng'ambo, akimwambia Justa, "Hapa panatosha. Hapa nitakuona mpaka kisogo." Na katika sauti ile kulikuwa na furaha, furaha kabisa, nami ningekubali kuolea kwenye chupa.

Mzee Jilala aliisikia pia. Kiko kikamtoka mdomoni, akakishika.

"Hm," akasema. "Sasa nionyesheni huo mkono nilioambiwa, unavyopita. Nikiona ni kwa heshima, kesho ngoma."

Kwa heshima! Hilo tu ndilo lililobaki!

Stanslaus akavaa sura yake ya Jumapili. "Bibi harusi yuko tayari?"

"Yuko tayari," sauti ya kike ikajibu ng'ambo.

"Bwana harusi?"

Mimi nilikuwa tayari tangu nizaliwe. Na nilikuwa na hotuba. Ndiyo, nilikuwa nimeitunga wakati nashona magunia, na nisingeacha kuisema mbele ya baba mkwe, ajue binti yake anaolewa na mtu wa maneno.

Kalisti akaninong'oneza, "Usiongee. Pokea tu."

"Unaniona mimi mtoto?"

Magunia yakatikisika. Vidole vikatokeza, vikapapasa kingo za upenyo, kama vinapima upana wake. Sikungoja. Nikaudaka mkono kwa mikono yangu miwili.

"Mkono huu!" nikasema, sauti ya kujaza ghala. "Mkono huu laini kama pamba safi!"

Ulikuwa na sugu za jembe. Nikadhani ni shauri ya msimu, kila mtu anachuma pamba.

"Mkono huu nitaushika mpaka nizeeke! Hautachota maji tena peke yake! Nikirudi kazini ndio utakaonikuna mgongo!"

Mzee mmoja akakohoa. Mimi nikaongeza moto. Nikauweka mkono ule shavuni, nikafumba macho.

"Na usiku wa baridi, mpenzi wangu..."

"Mageni."

Hiyo ilikuwa sauti ya Justa. Nilishangaa kwamba imetokea nyuma yangu.

Nikafumbua macho. Nikageuka polepole, mkono bado shavuni. Justa alisimama kwenye nusu yetu ya mlango, anahema, gauni kalishika juu ya vifundo vya miguu.

"Nilizunguka kuangalia kama kutoka huku mama anaonekana," akasema. "Unamwambia nani hayo?"

Kiko cha Mzee Jilala kilianguka kwenye saruji, na safari hii hakukidaka. Wale wazee wawili waligeukia ukuta kwa pamoja. Stanslaus, ambaye hakuwahi kucheka, alikuwa ameuma kofia yake.

Nikataka kuuachia ule mkono. Mungu ni shahidi wangu, nilifungua vidole vyote.

Wenyewe haukuniachia. Ulinibana, kwa nguvu ya mtu aliyelima maisha yake yote, ukanivuta mpaka pua yangu ikagusa gunia. Na kutoka ng'ambo ya pili, pale ambapo hapakutakiwa kutoka neno lolote kwangu mpaka mmoja wetu aingie kaburini, Mama Justa akanitaja kwa jina langu.